Usingoje jicho liume

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unaniitikia "sawa mama" kabla sijafika nusu ya maneno. Hapa Kirumba, Mwanza, hatujambo. Sukari ya baba yako imetulia, dada yako anakusalimu, na dagaa wameadimika kwa kuwa mwezi umepevuka.

Ni habari ya macho. Likizo imekwisha, umerudi Nansio, huko kisiwani Ukerewe, bila kupimwa, ukanijibu kwamba miwani mipya imekukaa sawasawa na unaona vizuri. Miwani inakuonyesha ubao, haiilindi retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho la mtu asiyeona mbali, mwenye miwani ya minus saba kama wewe, ni refu kuliko la wengine. Utando huo umevutika, umekuwa mwembamba, na kule pembeni unaweza kuchanika hata kama hujapigwa wala kuanguka. Tundu likishatokea, majimaji ya ndani ya jicho hupenya na kuibandua retina kutoka kwenye ukuta unaoilisha.

Kustaafu nimestaafu, lakini wodi ya macho haijanitoka kichwani. Unakumbuka mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulivyoenea nchini? Kila mtu alikimbilia dawa, na wengi wao wangepona hata bila dawa. Lakini wale ambao retina zao zilikuwa zinabanduka, kwa miaka yote niliyofanya kazi, walikuja taratibu, jicho safi, jeupe, haliwashi wala haliumi. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mtu anangoja liume, na siku zinakwenda.

Mjomba wako wa Igombe ndivyo ilivyomkuta. Alikuwa ziwani usiku na dagaa zake, akawa anaona mimweko pembeni mwa jicho la kulia, kama mtu anapiga picha. Akasema ni karabai imemchosha. Baadaye vikaja vidoa vyeusi vingi kwa mara moja, vinaelea kila anapogeuza jicho. Akawa anapunga mkono kufukuza wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, na wadudu hawapo. Kisha kivuli kikaanza upande wa chini, kikipanda. Alikigundua kwa bahati tu, moshi wa kuni ulipomfanya afumbe jicho la kushoto. Macho mawili husaidiana mno; zima likiwa limefunguka, bovu hujificha nyuma yake. Alipofika hospitali ya Bugando kivuli kilikuwa kimeshafika katikati, mahali tunaposomea na kutambua sura za watu. Akapewa rufaa, akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam, retina ikarudi mahali pake. Sasa haendi akigonga vitu, lakini kwa jicho lile hawezi kusoma ujumbe wa simu.

Angekuja siku ya mimweko, pengine wangelikuta tundu peke yake. Tundu huzungushiwa leza, mtu amekaa kwenye kiti, na jioni analala kwake. Hata kivuli kikiwa kimeanza, maadamu katikati bado pamesimama, madaktari huharakisha ili wapaokoe. Miaka mia iliyopita hata hilo halikuwepo. Aliyebandukwa na retina alihesabiwa kipofu, mpaka Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alipoonyesha katika miaka ya 1920 kwamba kisa ni tundu, na tundu lisipozibwa hakuna kupona.

Kwa hiyo nakuomba ujizoeze jambo hili: ukiamka, kabla hujavaa miwani, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama dirisha, halafu badilisha. Kanyuzi kamoja ka zamani unakokajua miaka yote si neno. Vikizuka vipya vingi, au ukiona mimweko gizani, au upande mmoja umeingia kivuli, au mistari ya dirisha imepinda ghafla, siku hiyo hakuna kipindi cha kufundisha. Mwambie mkuu wa shule, aniite mimi akitaka maelezo.

Usiendeshe pikipiki. Usikande jicho, na usiweke chochote, si tone la duka la dawa, si maziwa ya mama, si majani ya jirani mwenye huruma. (Hao wenye huruma nimewaona wakipofusha watu kuliko visu.) Pita hospitali ya wilaya, sema kwa maneno haya haya: "nimeanza kuona mimweko na vidoa, nina minus kubwa, naomba niangaliwe retina." Akikumulika tochi mbele ya jicho akasema liko salama, mshukuru, kisha omba rufaa, maana retina ya pembeni haionekani mpaka mboni itanuliwe kwa matone na daktari wa macho aitazame kwa vifaa vyake. Meli ya kuja Mwanza ikiwa imeshaondoka, usikae kungoja nyingine kama siku bado ipo: vuka kwa kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, ushike gari la Bunda. Njoo na mtu, kwa kuwa matone yale yatakufifishia macho kwa saa kadhaa. Kadi ya bima iwe mfukoni.

Lipo na la haraka kuliko hilo. Jicho likizima lote ghafla, bila maumivu, kama umeme uliokatika, huenda mshipa wa damu unaolisha retina umeziba. Hicho ni kiharusi cha jicho, na retina huanza kufa ndani ya saa chache. Hata nuru ikirudi baada ya dakika kumi, usiseme alhamdulillah ukaendelea na kazi. Hiyo inaweza kuwa onyo la kiharusi cha ubongo. Hapo ni hospitali yoyote iliyo karibu, idara ya dharura, wapime presha, sukari na moyo. Wewe ni kijana, haikuhusu sana. Nakuandikia kwa ajili ya walimu wenzako wenye umri, na kwa ajili ya baba yako siku akija kukutembelea. Yeye tena ana la kwake: kisukari huotesha vimishipa dhaifu kwenye retina, vikipasuka damu humwagika ndani ya jicho. Ndiyo maana kila mwaka namburuta kupimwa, na kila mwaka analalamika.

Ukiambiwa upasuaji, usishtuke. Pengine watakuwekea kiputo cha gesi ndani ya jicho kuibana retina, na utalala kifudifudi au kiubavu kadiri watakavyokuelekeza. Gesi hiyo hukaa kati ya wiki mbili na nane hivi, kutegemea aina yake, na ikiwemo hupandi ndege kabisa: huko juu hutanuka, presha ya jicho ikapanda, ukapofuka ungali hewani. Hata kupanda kwa gari ni hatari, na ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mjomba wako alikaa Dar kwa binamu zake mpaka kiputo kilipokwisha, akinung'unikia joto kila siku.

Mambo ya nauli na malazi yasikucheleweshe hata saa moja. Tutachanga, na kama si sisi, wajomba zako wapo.

Kijana wa melini nimempa kikapu: dagaa wa kukaanga, chumvi kidogo kama upendavyo, na ile miwani yako ya zamani uliyoisahau juu ya kabati. Likizo ijayo nimeshakuandikisha kliniki, Jumanne asubuhi. Usinitafutie sababu.

Mama yako