Gochujang haitaki moto mkali

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kuku wa Kikorea wa kukaanga kwa pilipili. Mapishi yake siku hizi yamejaa kila mahali na mengi yanafanana: katakata kuku, changanya na tomato sosi, pilipili na asali, tia kwenye mafuta ya moto, kaanga dakika 10, pakua. Anayefuata maelekezo hayo hupata moja kati ya mawili: nyama iliyojichemsha ndani ya maji mekundu, au kikaango kilichoshika weusi mchungu chini huku vipande vikiwa bado vibichi katikati. Vipimo mara nyingi si vibaya. Kinachokosekana ni kuambiwa moto uwe upi na sosi iingie lini.

Kwanza hiyo tomato sosi iondoke. Kinachokipa chakula hiki tabia yake ni gochujang, rojo zito jekundu linalotengenezwa kwa unga wa pilipili, mchele wa kunata, unga wa soya iliyochachushwa, kimea cha shayiri na chumvi, kisha likaachwa lichachuke kwa miezi, kwa desturi katika mitungi ya udongo. Kimea huvunja wanga wa mchele ukawa sukari, ndiyo maana gochujang ina utamu wake hata kabla hujaongeza wako, na soya huipa uzito wa ladha ambao nyanya haina. Usipoipata, kaanga kwa pilipili ya unga, mchuzi wa soya na vitunguu saumu tu. Wakorea wenyewe wana mapishi mekundu yasiyotiwa gochujang hata kidogo, na ni matamu.

Sukari na wanga huo ndio unaoleta balaa. Ukitupa gochujang kwenye kikaango kinachofuka moshi, itaungua kabla nyama haijageuka rangi. Ukiogopa ukapunguza moto tangu mwanzo, nyama itatoa maji na hutaiona rangi ya kahawia mpaka mwisho. Kwa hiyo kazi igawanywe mara mbili: nyama ipate moto mkali bila sosi, sosi ipate moto mdogo ikiwa na maji kidogo.

Kwa watu watatu au wanne, chukua gramu 600 za mapaja yasiyo na mfupa, ukate vipande vya sentimita 3. Kidari kinafaa kwa shida, maana kikipita muda kidogo tu kinakuwa nyuzi kavu; ukikitumia, kikate chembamba na upunguze dakika. Kausha vipande kwa karatasi ya jikoni, kisha vipake kijiko kikubwa 1 cha mchuzi wa soya na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Viache dakika 10, muda wa kutosha kukata mboga.

Katika bakuli changanya gochujang vijiko vikubwa 2, gochugaru kijiko kikubwa 1, mchuzi wa soya kijiko kikubwa 1, sukari kijiko kikubwa 1, punje 5 za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi iliyokunwa kijiko cha chai 1, na maji mililita 60. Koroga mpaka pasibaki donge. Gochugaru ni pilipili ya Kikorea iliyokaushwa na kusagwa nusunusu, nyingi ikiwa imetolewa mbegu. Rangi yake ni kubwa kuliko ukali wake. Anayeibadilisha na pilipili kali ya unga kijiko kwa kijiko hatakula chakula hicho. Aanze na robo kijiko cha chai, rangi aiachie paprika, unga wa pilipili nyekundu isiyo kali. Chumvi usitie kabisa, kwa sababu gochujang na soya zimeshaibeba. Unga wa mahindi wa kukolezea mchuzi nao hauna kazi hapa, kwani wanga wa gochujang unatosha.

Sasa kikaango. Kiwe kipana, sentimita 28 au 30, kipashwe moto mkali na kijiko kikubwa 1 cha mafuta yasiyo na harufu. Panga nusu ya nyama, safu moja, vipande visigusane, na usiviguse kwa dakika 2. Geuza, dakika 2 nyingine, toa, weka nusu iliyobaki. Watu wengi huona kufanya mara mbili ni kupoteza muda, wakamwaga gramu zote 600 kwa mkupuo. Masikio yatakuambia kilichotokea: mlio mkavu wa kuchachatika hugeuka kuwa wa kububujika, maana yake kikaango kimepoa, nyama imetoa maji, na kuanzia hapo unachemsha. Ikikufika hali hiyo, opoa nyama, acha maji yakauke, anza upya.

Katika kikaango hichohicho weka viazi vitamu gramu 150 vilivyokatwa unene wa nusu sentimita, dakika 4. Vikiwa vinene kuliko hapo vitabaki vigumu kila kitu kingine kikiwa tayari. Fuatisha kitunguu maji 1 na karoti 1, dakika 2, halafu kabichi gramu 200 iliyokatwa mapande makubwa, dakika 1 tu.

Punguza moto uwe wa chini ya wastani. Rudisha nyama pamoja na maji yake yaliyotuama kwenye sahani, mimina sosi, geuzageuza kwa mwiko dakika 3 hadi 4. Utaona mafuta ya rangi ya chungwa yakianza kujitenga pembeni. Pitisha mwiko katikati ya kikaango: njia ikibaki wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kabla rojo halijarudi kuifunika, zima. Ikijifunga papo hapo, bado. Ikibaki wazi na chini kunaanza kushika, tia vijiko viwili vya maji haraka. Kata kipande kinene kuliko vyote. Ndani kisiwe na uwaridi, na mwenye kipimajoto asome nyuzi 74. Mafuta ya ufuta, kijiko cha chai 1, yaingie moto ukiwa umezimwa pamoja na majani ya vitunguu na ufuta wenyewe. Harufu yake haivumilii moto, na kukaangia nyama kwa mafuta hayo ni kuyatupa.

Sosi ikiwa nyepesi, opoa vitu vyote, iache peke yake ipungue. Ikiwa kali mno, usikimbilie kuongeza sukari, itakuongezea tatizo la pili. Ongeza kabichi au kula na wali mwingi. Iliyoungua haina dawa.

Haya yote ni njia fupi ya dakgalbi, chakula kilichoupa sifa mji wa Chuncheon, makao makuu ya mkoa wa Gangwon, Korea Kusini. Galbi ni mbavu, ingawa mbavu humo hamna. Huko hukaangwa mezani juu ya bamba pana la chuma, pamoja na keki za mchele na majani ya perila, mmea wa harufu wa jamii ya mnanaa, na mlaji hanyanyuki nyama ikiisha. Sosi kidogo iliyobaki hutiwa wali, na nyumbani hili linawezekana bila bamba lolote: bakuli 2 za wali uliopoa, mwani mkavu wa kufikichwa, matone ya mafuta ya ufuta. Changanya, ugandamize kwa mgongo wa mwiko utande chini yote, moto mdogo, dakika 3 bila kugusa, kisha bandua ukoko.

Mkichapa mapishi haya tena, tafadhali mbele ya kila hatua andikeni moto uwe upi.

Msomaji wenu, mpishi