Kipimo kibaya huwakatisha tamaa wanaojifunza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee watu wazima wanaoanza kujifunza lugha, ala ya muziki, ushonaji au ujuzi mwingine wowote, kisha wakaacha njiani kwa kuamini kwamba hawasongi mbele. Naamini wengi wao hawakushindwa na ujuzi wenyewe, bali na kipimo walichojipimia.

Mwaka 1897 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Bryan na Noble Harter, walichapisha utafiti kuhusu wanagenzi wa telegrafu, mtambo wa kupeleka ujumbe kwa milio inayowakilisha herufi. Kasi ya kupokea ujumbe ilipanda, ikasimama kwa muda mrefu, kisha ikapanda tena. Walieleza kwamba katika kipindi hicho kilichoonekana kikavu mwanafunzi alikuwa akizizoea herufi hadi asilazimike kuzifikiria, ndipo akaanza kusikia maneno mazima. Tafiti za baadaye hazikukuta hali hiyo kwa kila mwanafunzi, nami sidai kwamba kila kukwama ni dalili njema, maana wapo wanaokwama kwa kurudia kosa lile lile bila wa kuwasahihisha. Hata hivyo, kasi peke yake haiwezi kututenganishia hali hizo mbili.

Kinachoweza kuzitenganisha ni aina ya makosa. Mwanafunzi wa lugha ambaye zamani alikosa hata maneno ya kusema, na leo anahangaishwa na upatanisho wa kisarufi, bado anakosea, lakini amefika mahali pengine kabisa. Tatizo ni kwamba sikio lake nalo limekomaa, hivyo anayasikia makosa ambayo awali yalimpita, na jioni anaondoka darasani akijiona dhaifu kuliko alivyojiona alipoanza. Hisia hiyo si shahidi wa kuaminika.

Kwa hiyo napendekeza ushahidi uwekwe mapema. Anayejifunza lugha ajirekodi akisoma kifungu kimoja, akirudie baada ya miezi kadhaa, asikilize sauti zote mbili kwa pamoja. Mshonaji naye ahifadhi kazi yake ya kwanza, hasa ikiwa inamwaibisha.

Wakufunzi nao wanaporudisha kazi zilizosahihishwa, nawaomba waandike, kando ya alama, kosa moja ambalo mwanafunzi amekwisha kuliacha. Hilo halihitaji bajeti wala mtaala mpya, na mwanafunzi ni vigumu kuliona mwenyewe.

Wako,
Msomaji