Mwanangu, ile alama ya penseli

Assalaam alaykum mwanangu,

Jana simu ilikatika ukiwa kati ya kuhadithia, chaji iliniishia na umeme haukurudi mpaka baada ya isha, nikalala na maneno kifuani. Sasa nimekaa barazani na simu ya mdogo wako nakuandikia. Itakuwa refu, isome ukirudi kwa shangazi yako, usiisome kazini.

Kwanza alhamdulillahi wiki tatu za fildi, hayo mafunzo yako ya kazi hapo benki, zimepita na u mzima wa afya. Nilivyokusikia unahadithia hilo jengo la Posta, na kiyoyozi mpaka unavaa sweta ndani ya Dar es Salaam, na jinsi hela zinavyohesabiwa na mashine halafu mtu anazihesabu tena kwa mkono, na kwamba stroo ya pesa haifunguliwi na mtu mmoja mpaka wawe wawili kila mtu na ufunguo wake, nilimwita bibi yako aje asikie. Bibi kauliza tu wanakupa chakula au unajinunulia. Nikamwambia posho hawapewi ila nauli tunamtumia. Akasema basi kesho nitamwombea dua zaidi.

Lakini kuna jambo ulilisema ukapita na mie sikutaka kukukata kwa vile ulikuwa na furaha. Ulisema umetolewa kwenye fomu za kufungua akaunti umepelekwa mikopo, na kazi yako sasa ni kuupanga mkataba wa mteja, kurasa 11, unatia msalaba mdogo wa penseli kila pahala pa saini, mteja akikaa unamfunulia tu kurasa anasaini kwenye misalaba. Na supavaiza kakusifu mbele ya wenzako kuwa una mkono mwepesi, wateja 14 kabla ya adhuhuri. Pale moyo ulinipiga paa.

Nikuhadithie kitu ambacho sijakuhadithia. Baba yako anakijua, wewe ulikuwa darasa la pili.

Unakumbuka nyumba ilikuwa ya makuti upande wa uani, mvua za masika tunahamisha magodoro. Mwalimu wa skuli mshahara wake unapita benki, kwa hivyo benki ndo inamjua, na walikuja skuli kwetu kututangazia mkopo wa mshahara, huna haja ya dhamana, mshahara wenyewe ndo dhamana. Nikaenda. Niliomba milioni 5. Kijana aliyenihudumia alikuwa mstaarabu sana, sina la kumlaumu kwa adabu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, akanifunulia kurasa moja moja, "saini hapa mama, na hapa mama, na hapa." Kila pahala pana msalaba wa penseli. Mkataba wote kwa Kiingereza. Mie mwalimu, Kiingereza nakisoma, lakini foleni nyuma yangu ndefu na kijana kishaweka kidole kwenye msalaba wa pili kabla sijamaliza mstari wa kwanza, nikaona haya. Nasema kweli mwanangu, niliona haya kusoma.

Kwenye akaunti iliingia milioni 4 na laki 8 na elfu 25. Ada na bima zilikatwa mwanzo, na hilo sikuambiwa. Basi nikasema si kitu, tukaezeka bati.

Kila mwezi wanakata 144,276, miezi 48. Baada ya miaka miwili mjomba wako alichuma karafuu vizuri, mwaka ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yanainama, akaniambia dada chukua hizi ukalimalize deni lako. Nikakaa usiku na kalamu, nimelipa miezi 24, ni kama milioni 3 na laki 4 na nusu, nimekopa 5, kwa hivyo nadaiwa milioni 1 na laki 5 na kitu. Nikafunga milioni 1 na laki 6 kwenye kanga nikaitia mkobani nikapanda gari. Kule dirishani naambiwa deni lililobaki ni milioni 2 na laki 9, na kuna ada ya kumaliza mapema juu yake.

Nilidhani kompyuta imekosea. Nikasema mwanangu hebu angalia tena. Akaangalia tena. Nikasema basi mnaniibia, na sauti ilipanda, watu wakageuka. Akatoka mkubwa wake na faili langu, akalifungua ukurasa wa 7, akaniwekea kidole kwenye saini yangu, "Mama, si ulisaini wewe?" Nikatazama. Saini yangu ipo, na chini yake ule msalaba wa penseli bado upo, hawakuufuta. Nikarudi na mkoba wangu vilevile, kwenye gari sikusema na mtu mpaka nyumbani.

Na kwa nini deni lilikuwa vile, sikulijua mpaka wiki iliyopita uliponieleza wewe habari ya jedwali la malipo ya mkopo, kwamba riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, kwa hivyo mwanzo deni kubwa riba kubwa. Ulipokata simu nikatoa zile karatasi zangu kwenye sanduku nikapiga hesabu kwa asilimia 17 yangu ya mwaka. Mwezi wa kwanza katika zile 144,276, riba peke yake ni 70,833. Nusu nzima. Mwezi wa mwisho riba ni elfu 2 tu. Yaani hakuna aliyeniibia, hesabu ilikuwa sawa tokea siku ya kwanza, na ingenichukua dakika tano kuielewa lau kama yule kijana angegeuza karatasi upande wangu. Nililia mwanangu, si kwa pesa, ni kwa zile dakika tano.

Ndo maana nakuandikia. Penseli sasa unayo wewe.

Najua wewe ni mwanafunzi, huna sauti pale, asilimia hukuipanga wewe na mkataba hukuuandika wewe. Sikwambii ugombane na mtu. Lakini akikaa mbele yako mtu, na nnajua wapo wazee, wapo akina mama wenye biashara zao Kariakoo, kabla hujamfunulia mwambie kwa Kiswahili mkononi utapata kiasi hichi, si kile ulichoomba, kila mwezi watakata kiasi hichi, jumla mpaka mwisho utakuwa umetoa hichi. Mie ile milioni 5 imenitoka milioni 6 na laki 9. Na mwambie ukitaka kumaliza kati ya njia uje kwanza uulize, usijihesabie nyumbani. Halafu nyamaza, mwache aulize. Akitaka kusoma mwache asome hata foleni ifike mlangoni. Wewe mwenyewe ulinambia kwenye mafunzo ya mwanzo mlisomeshwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, basi si jambo la kumzushia supavaiza, ni lao wenyewe.

Na kama kwa hivyo utafika wateja 8 badala ya 14, na kwenye logibuku, hilo daftari la fildi yako, wakakuandika mzito, waandike. Nitaisoma hiyo ripoti na nitaifurahia.

Na haya mambo kwetu hayakuanza kwangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mikarafuu upande wa Konde, huku kwetu Pemba. Wakati ule watu hawakopi benki, wanakwenda kwa tajiri mjini, na kwa vile riba haramu wanaandika bei khiyari, yaani umemuuzia shamba ila una khiyari ya kulikomboa ukirejesha pesa kwa muda mliopatana. Babu hakujua kusoma maandishi ya kizungu, alitia dole. Muda ulipopita hakuwa nazo, karafuu bei imeanguka, shamba likenda. Watu wengi Pemba na Unguja yaliwapata haya, mpaka serikali ya kikoloni mwaka 1934 ikatunga sheria ya kubana mashamba yasiwaishie wenyewe kwa madeni, lakini la babu lilikuwa lishakwenda. Hizi eka tatu tunazochuma leo ni za baada ya Mapinduzi. Bibi yako mpaka leo akienda kuchukua pensheni jamii yake, zile pesa za serikali ya Zanzibar kwa wazee zilizoanza 2016 kwa elfu 20, akitakiwa dole anauliza kwanza, "hii ya nini?" Watu wanamcheka, lakini mie simcheki.

Kuhusu baba yako na ile habari ya riba. Hakukukasirikia. Alisema tu moyo wake mzito mtoto wake kukaa kwenye mkataba wa riba, na ni haki yake, hadithi ya Mtume juu ya mwandishi wa riba na mashahidi wake unaijua vizuri kuliko mie. Na mie niliyekopa nnamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kila nikilitazama hili bati. Kama hiyo benki ina dirisha la Kiislamu, yaani upande wa huduma zisizo na riba, omba kwa adabu wakupeleke huko wiki mbili za mwisho ukaone wanavyofanya murabaha, benki inanunua kitu kwanza halafu inakuuzia na faida yake umeshaambiwa. Uandike kwenye ripoti yako. Baba yako atapenda kuisoma hiyo, japo hatosema.

Kwa mjomba wako anayekuja huko nimekufungia halua ya Wete pakacha moja, na pweza mkavu wa shangazi yako, usiufungulie kwenye kiyoyozi.

Na nna ombi. Muulize supavaiza wako, akikubali, unipatie mkataba mtupu mmoja, usio na jina la mtu wala namba ya akaunti. Akikataa usichukue. Nataka nikae nao hapa barazani niufasiri kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu walimu wawili wapya wa skuli kwetu wanakwenda kukopa mwezi ujao, na nimewaambia wanisubiri.

Mama yako