Kagueni gogo, msikamate mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ambayo wasomaji kadhaa wamekuwa wakiirudia, na hata kwenye vikao vya mtaa hapa Tanga inasikika: kwamba mashine za kupasulia mbao tunazojiundia mafundi wa vyuma zikusanywe zote na zipigwe marufuku, kwa kuwa ndizo zinazomaliza misitu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Pongwe, na mashine ya namna hiyo ninayo. Nimeiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu. Hoja hiyo inaniuma, maana wanaoisema wana uchungu wa kweli na msitu, na mimi pia ninao, lakini wamemkamata asiye mwizi.

Maji tunayokunywa Tanga mjini yanatoka mto Zigi, na Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki, huko iliko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Sihitaji kuelezwa kukata miti kule juu kuna maana gani kwa bwawa la Mabayani linalokusanya maji hayo. Ila ulizeni mti ulioibwa ulipasuliwa na nini. Ni chenso, ule msumeno wa mnyororo unaoshikwa mkononi. Chenso inapakiwa kwenye bodaboda, inapanda mlima usiku, inapasua gogo palepale lilipoangukia, na kukicha mbao zimeshafika barabarani. Mashine yangu imefungwa kwa boliti kwenye reli za mita 6 zilizolazwa juu ya zege. Haiendi popote. Gogo ndilo linaloifuata, mchana, juu ya trela la trekta, na mtaa mzima unaliona.

Kwa kuwa wengi wanaisema bila kuiona, niieleze. Ni msumeno wa mkanda: utepe wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili, na sehemu inayoyabeba magurudumu hayo tunaiita kichwa.

Mkoa wetu una chuma kingi kilicholala. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu. Kamba za nailoni zilipoingia bei ikaporomoka, mashamba mengi yakafa, na yale makorona, yaani mashine za kuchakata majani ya mkonge, pampu, matrela na vireli vidogo vya kubebea majani ya mkonge vikabaki kuota kutu. Siku hizi vinauzwa kwa kilo, vinakwenda kuyeyushwa. Chuma cha kumwaga ambacho leo hupati fundi wa kukumwagia hivi hivi kinapondwa nyundo ili kienee kwenye lori! Fundi anayejua anachotafuta anawahi kabla halijapakia.

Reli zangu ni za shamba la mkonge, na risiti ninayo. Hapa niwaambie mafundi wenzangu: chuma cha reli kisicho na risiti ni kesi, na inafaa kiwe kesi, kwa sababu reli ya treni ikiibwa watu wanakufa. Msijenge kwa mali ya umma.

Magurudumu mawili ya msumeno ni puli za inchi 19 zilizotoka kwenye pampu kuukuu. Ndani ya mfereji wa kila puli nimevalisha belti, ikatokeza juu kidogo, na mkanda wa msumeno unakimbia juu ya hiyo belti badala ya kukwaruza chuma. Injini ni ya dizeli, silinda moja, hospawa 12. Ilikuwa ikisaga mahindi Muheza mpaka mwenyewe alipovuta umeme. Inazunguka mara 2,200 kwa dakika. Puli yake ni inchi 4 na inayopokea ni inchi 10, kwa hiyo gurudumu linakwenda mizunguko 880, na mkanda unapita kwenye gogo kwa mwendo wa karibu mita 22 kwa sekunde. Kupandisha na kushusha kichwa natumia skrubu mbili nene, kila upande moja, nimeziunganisha kwa cheni na sproketi za pikipiki ili zipande sawia. Mzunguko mmoja unashusha milimita 3. Beringi zinazoushika mkanda usiyumbe ni za alteneta za gari. Maji ya sabuni yanadondoka kwenye meno kutoka kwenye dumu la lita 5 kupitia mpira wa dripu, utomvu usije ukayagandia.

Msumeno wenyewe nimenunua mpya. Huo hauokotwi.

Kazi inayotaka utulivu ni kuuweka mkanda mahali pake. Lile gurudumu lisilovutwa na injini nimelikalisha kwenye kipande kinachoteleza, na nyuma yake kuna boliti mbili: moja ya kukaza mkanda, nyingine ya kulilaza gurudumu kidogo sana. Unazungusha hii ya pili robo mzunguko, unalisukuma gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, unatazama. Mkanda unasogea milimita moja, mbili. Unazungusha tena. Unataka meno yakae nje ya ukingo wa gurudumu, kwa sababu yamepangwa moja kushoto, moja kulia, moja limenyooka. Yakilala juu ya belti yanabanwa, mpangilio unaharibika, na msumeno wa namna hiyo hutoa ubao wenye mawimbi hata ukiwa na makali. Kijana ninayemfundisha ana mkono wa kazi hii kuliko wengi waliosomea, na ninalisema gazetini kwa sababu hajawahi kulisikia kwa mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye msitu. Chenso ikipasua, njia yake inakula karibu sentimita nzima ya mti. Mkanda wangu unakula milimita 3 hivi. Chukua gogo lililochongwa pembe nne, unene wa sentimita 30, ulipasue mbao za inchi moja. Kwa chenso utapata 8. Kwa mkanda utapata 10. Mbao mbili kwenye kila gogo zilikuwa zikimwagwa chini kama unga, na anayezihitaji alikuwa akienda kuangusha mti mwingine. Ndiyo maana nasema mashine hii ikipata nafasi inapunguza miti inayokatwa.

Na kwenye mnazi tofauti ni kubwa zaidi. Minazi mingi ya pwani yetu, kuanzia Kigombe hadi Pangani, ni mizee, na mingine imeuawa na ule ugonjwa unaodondosha kichwa ukabaki mti kama nguzo. Watu wanaiona haina kazi tena, labda kuni. Lakini mnazi haukui kama mvule. Moyo wake ni laini. Ugumu uko pembezoni, na zaidi upande wa shinani. Sehemu ngumu inayofaa kenchi na fremu za milango ni ganda la sentimita chache tu kuzunguka mti. Ukilipitisha chenso, ganda lenyewe ndilo unalolimaliza. Ukiupasua kwa mkanda mwembamba unapata mbao nzito, hazina hata fundo moja, na moyo laini unabaki wa kazi nyepesi za ndani. Mnazi unaua makali ya msumeno haraka, hilo ni kweli, na fundi lazima awe na subira ya kunoa.

Bibi mmoja wa Kigombe aliniletea minazi yake iliyokufa. Alipoona mbao zinavyotoka akaniuliza, "Mwanangu, hivi ndivyo vitu tulivyokuwa tunachomea chokaa?" Nikamwambia ndivyo, bibi. Nyumba yake imeezekwa kwa mbao hizo, hakununua mvule wa mtu.

Miembe nayo ninapasua, yale matawi makubwa yanayoangushwa na upepo. Ya barabarani ina misumari, kila anayetaka kutangaza dawa au chumba cha kupanga anagongelea bango lake pale. Naipitia kwa patasi kabla ya kuwasha.

Sisemi kila mashine ya kujiundia ni salama. Nimeona zisizo na kava, mkanda unazunguka wazi usawa wa kifua cha mwendeshaji. Mkanda ukikatika kwa mwendo niliotaja unaweza kumkata mtu vibaya sana. Yangu nimeifunika pande zote kwa bati la pipa, na nimeweka rola ya kulegeza belti ya injini ili msumeno usimame bila kusubiri injini izime. Mashine isiyo na vitu hivyo isimamishwe mpaka mwenyewe avifunge. Hapo nakubaliana kabisa na wanaotaka hatua zichukuliwe.

Tatizo ni kwamba hatua yenyewe haina mlango. Ofisa mmoja aliyepita karakana aliniambia mashine isiyo na jina la kiwanda haina pa kuandikwa. Kama haina pa kuandikwa, basi haikaguliwi, na mwenye kujali na asiyejali tunakuwa kitu kimoja mbele ya serikali. Naomba mamlaka zinazohusika zifungue daftari la mashine hizi. Ziandikwe mahali zilipo na mwenye nazo ni nani. Zikaguliwe kava na breki. Halafu kila mwenye mashine alazimishwe kuandika kila gogo linaloingia: limetoka wapi, la nani, ukubwa gani, kibali namba ngapi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo, vibali vipo, nyundo ya kugonga alama kwenye magogo ipo, hati ya kusafirishia ipo. Vyote hivyo vinahusu mti. Mti ukiwa halali, mashine iliyoupasua ina kosa gani?

Mimi daftari langu nilianza bila kuambiwa. Kwa mti wa msituni nadai kibali na alama ya nyundo. Kwa mnazi au mwembe wa shambani nadai barua ya serikali ya kijiji. Asiyekuwa nayo anarudi na gogo lake, na wapo waliorudi wakiwa wamekasirika.

Ofisa wa misitu au wa usalama kazini akitaka kuanza na mashine yangu, aje asubuhi yoyote ya siku ya kazi kabla sijawasha. Daftari liko mezani, risiti za vyuma zimo ndani yake, na kava nitalifungua mwenyewe aone.

Fundi wa vyuma,
Pongwe, Tanga.