Usiilipie hiyo makala kwanza

Mambo vipi rafiki yangu,

Nimesoma meseji yako nikaumia kweli, yaani tasnifu nzima imekwama kwa ajili ya makala moja, na jarida linataka hela yote hiyo kwa kurasa chache. Usilipe kwanza. Tena walioiandika kwa kawaida hawapati hata senti, inabaki kwa mchapishaji.

Kwanza hakikisha rejea yenyewe iko sawa, maana watu wananakili rejea toka kwa wenzao bila kuiona makala, mwaka unakosewa, juzuu linakosewa, afu we unatafuta kitu ambacho hakipo. Ingiza kichwa chote Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, kikiwa ndani ya alama za kunukuu, na ukiipata usiishie kwenye linki ya juu, fungua matoleo yote, mara nyingi huko chini kuna PDF kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi. Weka na Unpaywall kwenye brauza, ni bure na inatafuta nakala halali. Za fizikia na hesabu nyingi ziko arXiv, hazina ya bure mtandaoni iliyoanza 1991, za tiba cheki PubMed Central, nayo ni hazina ya bure. Ila nakala ya arXiv inaweza kuwa ya kabla ya kuchapishwa, kwa hiyo kuwa makini na namba za kurasa ukinukuu.

Ikigoma, mwandikie mwandishi mwenyewe. Najua utaona aibu, usione, hii ndo njia ninayoiamini kuliko zote. Mtu kahangaika miaka na utafiti wake, akisikia kuna anayeutaka anafurahi, na wengi wanaruhusiwa kukutumia nakala ya kusomea. Andika kifupi tu, we ni nani, unataka makala ipi, ya nini. Imeili ikirudi ujue labda kahama chuo, chukua anwani kwenye makala yake ya karibuni au waandikie aliochapisha nao, na kama mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa udaktari kipindi hicho tafuta tasnifu yake, mara nyingi mambo yaleyale yamo kwa kirefu zaidi na vyuo vingi vinaziweka wazi.

Na mkutubi usimsahau jamani! Maktaba huwa zinaazimana, kwa makala za zamani ambazo hazijawahi kuskaniwa mkutubi anaweza kuomba nakala kwenye maktaba nyingine, we mpe tu jina la jarida, juzuu, toleo na kurasa.

Nitumie hiyo rejea leo nami niitafute huku.

Wako,
A.