Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa risala ya wahitimu

Mdogo wangu,

Hujambo? Mfikishie mama shikamoo yangu. Nimesikia kamati ya mahafali imewakabidhi risala ya kidato cha nne wewe na binti wa mkondo B. Naandika hadharani kwa sababu kila mwaka, kuanzia Nyamagana hadi Ukerewe, kuna kijana anayepewa kazi hiyo pamoja na nakala ya risala ya mwaka jana, kisha akaambiwa abadilishe tarehe.

Nakala hiyo itazameni kwa ajili ya itifaki tu, halafu irudisheni. Risala ya kunakili haimdanganyi mtu. Mzazi aliyefunga genge lake ili aje kuketi chini ya turubai anasikia kabisa kwamba maneno yale yangeweza kusomwa shule yoyote. Ninyi mliingia Januari 2022 na mtafanya mtihani wa taifa Novemba 2025, na miaka hiyo minne ina mambo yake. Mko ng'ambo ya Busisi, kuvuka Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Viktoria: walimu wenu waliotokea Misungwi na Mwanza mjini walisubiri kivuko asubuhi huku nguzo za daraja zikiinuka majini, na daraja lenyewe la kilomita 3 likafunguliwa Juni 2025, mkiwa kidato cha nne. Watakaoingia baada yenu watasikia habari za foleni ya kivuko cha Kigongo kama hadithi. Hilo liandikwe.

Kazi ya kwanza ni hesabu ya watu, na ndipo risala nyingi huharibika. Mwombeni mkuu wa shule ruhusa, kisha mwalimu wa taaluma awape rejista ya udahili ya 2022 na rejista za mahudhurio za miaka yote minne. Andikeni waliosajiliwa, ongezeni waliohamia, toeni waliohama, waliokariri, walioacha na waliofariki. Tuseme, kwa mfano, mlisajiliwa 148 na wakahamia 11: jumla 159. Wakihama 19, wakikariri 6, wakiacha 21 na wakifariki 2, wanaobaki ni 111. Namba hiyo lazima ilingane na orodha ya waliosajiliwa kwa mtihani. Isipolingana, msikisie. Sababu za kawaida ni tatu: aliyehama bila barua ya uhamisho anasomeka kama mtoro, aliyekariri kutoka darasa la mbele amehesabiwa mara mbili, au jina la kwenye udahili si lile la kwenye usajili wa mtihani, mtu mmoja akawa wawili. Pitieni jina kwa jina, wawili wakisoma na mmoja akiweka alama. Ni kazi ya alasiri nzima.

Walioacha msiwafiche. Risala nyingi husema "wengine walikatisha masomo kwa sababu mbalimbali" na kusonga mbele. Ninyi fungueni rejista za mahudhurio muangalie majuma. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Shule iliyo karibu na mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, huweza kuliona hilo kwenye rejista yenyewe: mvulana anapotea siku kumi, anarudi mwezi ukiwa mpevu, anapotea tena, na ikifika kidato cha tatu harudi. Mkiliona, lisemeni wazi mbele ya wenyeviti wa vijiji na wenye mitumbwi, maana nao watakuwa wameketi pale. Sentensi moja inatosha: wangapi, kidato gani, na kwamba waliondoka kwenda ziwani. Kama wengine walifuata machimbo upande wa Geita, nao wahesabiwe kivyao.

Kwa wasichana walioondoka kwa ujauzito, toeni idadi na msitaje jina wala kijiji. Darasa lenu lilianza miezi michache baada ya serikali kutangaza, Novemba 2021, kwamba mwanafunzi aliyekatisha masomo, hata kwa sababu ya ujauzito, anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Kwa hiyo kama kuna aliyejifungua akarudi, yumo katika wahitimu, anahesabiwa kama wengine, na asitajwe kwa namna itakayowafanya watu wageuze shingo kumtafuta.

Waliofariki ni jambo jingine. Majina yao yatajwe, lakini nendeni kwa wazazi kwanza, mkiwa na mwalimu wa darasa, muombe idhini na muulize jina kamili wanalotaka lisomwe. Chanzo cha kifo hakisomwi. Waombeni watu wasimame dakika moja, na anayesoma aangalie saa, kwani dakika moja ya kimya huonekana ndefu na wasomaji wengi huikata katikati.

Matokeo: pelekeni madaraja yote, msitaje asilimia peke yake. Mkisema "asilimia 90 tulifaulu moko", yaani mtihani wa majaribio, mnajumlisha divisheni ya nne, ambayo ni pointi 26 hadi 33, na mzazi anadhani mwanawe atapangiwa kidato cha tano. Someni hivi: divisheni ya kwanza wangapi, ya pili wangapi, ya tatu, ya nne, sifuri. Wekeni pia upimaji wa kidato cha pili wa 2023 kando ya moko ya mwaka huu, ili ionekane mmepanda au mmeshuka. Somo lililoanguka litajwe pamoja na sababu inayothibitika. Kama hamkuwa na mwalimu wa fizikia kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, tajeni miezi hiyo. "Upungufu wa walimu wa sayansi" kila shule inasema, na mgeni rasmi keshazoea kuisikia.

Michezo na klabu aya moja inatosha.

Sasa maombi kwa mgeni rasmi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu risala yenye maombi tisa hurudi mikono mitupu. Ombeni moja, au mawili, yenye vipimo na bei. Shule yenu inachota maji ziwani, na maji ya kando ya ziwa yana kichocho. Anayeingia hadi magotini na ndoo yumo hatarini hata asipoyanywa. Basi ombeni tangi la lita 5,000 la kuvuna mvua, na mweleze hesabu yake. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 18 kwa 8 lina mita za mraba 144. Mvua ya milimita 20 juu yake ni lita 2,880. Toeni moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki kama lita 2,300. Mvua mbili na ushee za namna hiyo zinajaza tangi. Wanafunzi 250 wakitumia lita 2 kila mmoja kwa siku, tangi linadumu siku kumi. Semeni pia ukweli kwamba Juni hadi Agosti litakauka, ili asije mtu mwakani akasema fedha zilipotea.

Tangi peke yake si ombi kamili. Kuna shule ambazo matangi yamelala chini ya mti kwa sababu hakuna aliyeomba mifereji. Orodha yenu iwe na mifereji ya mita 18 kila upande unaovunwa, vishikio vyake, bomba la kushusha maji, wavu wa kuzuia mbu mdomoni, bomba la kumwaga yanayozidi, koki, saruji na mchanga. Mawe Usukumani hayanunuliwi mbali. Msingi uzidi upana wa tangi kwa sentimita 15 kila upande na uinuke sentimita 50, ndoo ipite chini ya koki. Tangi likijaa lina tani 5. Likikalishwa juu ya udongo mtupu litazama upande mmoja na kung'oa koki. Mfereji uinamie bomba, sentimita 1 kwa kila mita 2. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, maana inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Chukueni bei kwenye maduka matatu, bandikeni karatasi hiyo nyuma ya risala. Mgeni rasmi akianzisha changizo pale pale, kila mtu ataona anachangia nini: huyu mifereji, yule mifuko mitatu ya saruji.

Urefu: dakika nane. Kwa kipaza sauti na makofi, hayo ni maneno kama 850. Chapeni herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, na aya isikatwe kati ya kurasa mbili. Pokezaneni kwa sehemu nzima. Kupokezana sentensi kwa sentensi kunafaa ngonjera. Upepo wa ziwa mchana huchukua karatasi, kwa hiyo ziwe ndani ya jalada gumu lenye kibanio. Kipaza sauti kikae umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Mkitaka kuwaamkia wazee kwa Kisukuma fanyeni hivyo, wanafurahi sana, lakini mwangaluka ni ya asubuhi. Ratiba ikivuta hadi mchana, semeni mwadila.

Itifaki: mgeni rasmi kwanza kwa cheo na jina kamili, kisha mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, viongozi wa serikali na wa dini, walimu, wazazi, wahitimu na mnaowaacha. Acheni nafasi ya kuandika jina kwa kalamu, kwani mara nyingi mgeni rasmi hutuma mwakilishi na habari hufika asubuhi ileile.

Toeni nakala nne: ya mgeni rasmi, ya mkuu wa shule, ya mwenyekiti wa bodi, na ya faili la darasa. Hiyo ya nne ambatisheni orodha ya majina yote ya waliosajiliwa Januari 2022 na picha ya darasa yenye majina nyuma yake, safu kwa safu kutoka kushoto, yaandikwe siku ileile. Baada ya miaka kumi nusu ya nyuso hazitakuwa na majina.

Rasimu nitumie kabla mkuu wa shule hajaisoma, pamoja na karatasi ya hesabu. Nataka kuiona hesabu kwanza.

Ndugu yako