Barua kutoka Salalah

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi huku mzima wa afya, hofu ni juu yenu na hilo goti lako. Barua hii inatoka Salalah, mji wa kusini mwa Oman, si Maskati. Tajiri wangu amekuja kupumzika na familia yake, nami ndiye niliyewaendesha.

Tulitoka Maskati joto limepita digrii 40. Njia nzima, kama kilomita 1,000, ni mchanga na mawe. Barabara ilipofika ukingo wa mlima ukungu ukatufunika, kioo cha gari kikaanza kulowa, na tuliposhuka upande wa baharini nikadhani tumeingia Konde, kule Pemba. Majani mpaka vileleni, ng'ombe wanakula, manyunyu hayakatiki. Ngamia wanapita katikati ya barabara kwa maringo, na magari yote yanawangoja.

Na upepo wenyewe ni wetu. Ni kusi ile ile iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Arabuni. Inapovuma kwenye pwani hii, maji ya baridi hupanda kutoka chini ya bahari, hewa inapoa, kisha inagonga milima na kugeuka ukungu. Hali ni hiyo tangu Juni mpaka Septemba. Ukivuka mlima tu, jangwa. Upande huo mkavu ndiko inakoota miti ya ubani, mifupi, magome yanabanduka. Ukiiona hutaamini kuwa imetajirisha watu.

Watu wanakuja kutoka Maskati, Dubai hata Saudia, wanatandika mikeka kwenye manyunyu na kunywa kahawa huku wanarowa, wanacheka. Sisi kwetu ikinyunya tunakimbilia barazani! Lakini kaa Maskati kiangazi kimoja, utawaelewa.

Mjini kando ya barabara kuna vibanda vya madafu, mapapai na ndizi, na mashamba yenyewe yako nyuma yake. Dafu wanalitia mrija basi. Nilipomwambia muuzaji alipasue nile na nazi yake laini, kwa kipande cha kifuu, alinitazama kisha akaniuliza kama natoka Zanzibar. Chakula wanachojivunia ni madhbi: mawe yanapashwa moto juu ya makaa, nyama ya mbuzi au ngamia inalazwa juu ya mawe yenyewe, mafuta yanachuruzika mpaka iive. Wanatia chumvi tu. Tamu, sikatai, ila mimi roho yangu ilitaka ndimu na pilipili. Samaki wabichi ni shida msimu huu, bahari imechafuka na vyombo vidogo haviendi.

Jioni moja nilipewa ruhusa nikaenda Al-Baleed, magofu ya bandari ya kale. Marehemu baba angepapenda. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 hivi, alitweka kutoka kwetu akaja kushukia huku Dhofar, ndilo jimbo la Salalah. Alikuta ndizi, minazi na tambuu, na farasi wakipelekwa India. Akaandika pia kwamba wanyama wa huku hulishwa dagaa. Nilidhani ni chumvi za wasafiri, mpaka mzee mmoja pale nje akaniambia ngamia na ng'ombe wake bado anawapa dagaa wakavu, majani yakiisha mlimani.

Ubani wako nimeununua soko la Haffa, baada ya kubishana bei sana. Binti wa jirani anarudi Unguja mwezi ujao, atakuletea. Kuna vifuko viwili. Wenye rangi ya kijani kwa mbali ni hojari, ndio wa bei. Huo ufungie kabatini. Wa manjano utie chetezoni upendavyo. Na shangazi akija, mpe wa manjano. Hojari ataumaliza wote kwa maulidi moja.

Nisalimie wote nyumbani, na watoto wasisahau chuo.

Wasalaam,
Mwanao